Mgongo wa Mama Eugénie

Misiera, kambi ya Nakivale
2 Machi 2025

Binti yangu Yvette,

Nakusalimia ku jina la Yesu. Huku tuko bazima, isipokuwa mama yako Mariette ana kikohozi cha vumbi, juu mvua imekawia. Maharagwe tumepanda, sasa tunaangalia mawingu. Wewe afya yako iko namna gani? Na mudogo wako Prince anakula vizuri?

Nakuandikia ku karatasi na kumupa Rénovat, ule wa taksi ya Rwekubo, juu simu yetu ikilia majirani bote banasikiliza.

Tangu ule mradi wa balemavu ufungwe hapa na ninyi ba kine mukaondoka, batu banakuulizia kila siku. Habajui kusema kine, banasema tu Yvette wa kunyosha batu. Na vile ulimutafutia Prince kazi ya mapokezi ku kliniki yako, nimekuwa mutu mwenye batoto babili mu kliniki moja ya Mbarara. Bananiita baba daktari. Sikatai. Lakini, binti yangu, baba daktari bado ananyeshewa jikoni. Ulisema utatuma bati. Kama kuna kitu kinakuzuia, sema.

Neno lenyewe la barua hii ni mama Eugénie, ule anaimba na mama yako na kuuza unga wa mihogo karibu na Base Camp. Mugongo unamuuma tangu Noeli. Amejaribu majani, ameombewa. Alikuwa anaogopa hospitali, kwamba batamupasua. Mimi nikasimama kanisani nikasema: hakuna haja ya kupasuliwa, binti yangu ana mikono, itamunyosha. Batu bakasema amina. Mama Eugénie ameuza mbuzi zake zote na atafika kwenu Jumatano. Atalala kwa dada yake hapo Kakoba.

Umutunze kama vile ungemutunza mama yako.

Mimi baba yako,
Appolinaire

*

Mbarara
9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama. Mwambie afunge kitambaa puani akifagia, na kikohozi kikizidi aende kituo cha afya. Mimi ni mzima. Prince anakula kuliko mimi.

Baba, mimi si daktari. Nimekwambia mara nyingi ukacheka. Nilipomaliza chuo nilifanya kazi bure mwaka mzima ili nipate uzoefu, ndipo mradi wa Nakivale ukanichukua. Pale nilikuwa na mshahara. Hapa sina. Bosi Musoni ananipa sehemu ya kile anacholipa mgonjwa, na sehemu kubwa inabaki kwake, kwa kuwa nyumba ni yake, vitanda ni vyake na jina lililo mlangoni ni lake. Mvua ikizuia wagonjwa, nimekaa pale kutwa na sijapata kitu. Mtu akipata nafuu kidogo haji tena. Wengine wanaingia wakiuliza msichana wa masaji yuko wapi. Vidole gumba vyangu vinauma hata nikifua nguo. Ndiyo habari ya bati.

Tena leseni yangu ya mwaka huu bado. Baraza la wataalamu wa afya linataka sahihi ya mtu anayenisimamia, na huyo ni Musoni.

Sasa mama Eugénie. Alifika Jumatano, amevaa kitenge cha kwaya. Kabla sijamwona, kliniki ilikuwa imekwisha kumuuzia vipindi kumi na viwili vya tiba kwa mpigo, amelipa vyote. Nilipomshika mgongo nilikuta mfupa umejitokeza katikati, kama fundo la mgomba. Nikamuuliza, akasema maumivu hayalali usiku, anatoka jasho mpaka shuka inalowa, na nguo zake zote zimekuwa kubwa. Baba, hiyo si misuli. Kuna kitu ndani ya mfupa, na mfupa wa namna hiyo ukiubonyeza unaweza kuvunjika juu ya mishipa ya miguu. Anahitaji picha ya hospitali, tena haraka.

Nilimwambia Musoni. Yeye mwenyewe ameifanya kazi hii miaka mingi, anajua. Alisema, "Amalize vipindi vyake kwanza. Ukiwapeleka wote hospitali, wewe na mdogo wako mtakula nini?"

Nikamwambia mama Eugénie mwenyewe. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, unajishusha tu. Baba yako alisema mbele ya kanisa kwamba mikono yako inatosha."

Hataki kunisikia mimi, kwa sababu amekusikia wewe. Ninaomba kitu kimoja. Mpigie simu umwambie aende hospitali. Neno lako moja litamtoa hapa.

Kila ninapomgusa, ninalipwa. Nikimwambia aende, silipwi. Unaona vile nimekaa?

Binti yako,
Yvette

*

Misiera
13 Machi 2025

Binti yangu,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, mara ya pili nje ya nyumba. Mama yako sijamusomea. Anaendelea vizuri.

Mzee Musoni alinipigia simu. Nambari yangu aliipata kwa Prince. Alisema na mimi kwa heshima, akaniita mzee mwenzake. Anasema uko mutu wa kazi, lakini unaharakisha, unaona ugonjwa mukubwa fasi kuna ugonjwa mudogo. Anasema Prince atamupa kazi ya kudumu mwezi ujao, na leseni yako ataisaini. Sikumuomba. Alijisemea mwenyewe.

Yvette, tuko bakimbizi. Kazi iliyokuwa hapa imefungwa, umeona. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ule mutu anashika leseni yako na chakula cha mudogo wako. Unataka umupigie kelele?

Na mimi unaniomba nimwambie mama Eugénie kwamba nilichosema kanisani si kweli. Mbuzi zimekwisha kuuzwa juu ya neno langu. Nitaweka uso wangu wapi?

Fanya hivi. Usibonyeze kwa nguvu. Mupake mafuta, mupashe joto, uombe. Vipindi vikiisha, ndipo mutamwambia vizuri aende hospitali, na hakuna mutu atakuwa amevunjiwa heshima. Ni siku chache tu.

Mutii mukubwa wako.

Baba yako,
Appolinaire

*

Mbarara
17 Machi 2025

Baba,

Natumaini mko salama.

Simbonyezi. Namlaza tu, nampasha joto, naogopa. Leo akitoka alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Ndala yake ikachomoka mlangoni akaendelea kutembea mpaka barazani bila kujua kwamba hana ndala. Prince ndiye aliyemwita. Akatazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

Siku chache unazosema, hana.

Mpigie. Nikifika Alhamisi asubuhi na hujampigia, nitafanya peke yangu, na yatakayotupata yatupate.

Yvette

*

Misiera
3 Aprili 2025

Yvette,

Siulizi afya yako leo, juu sijui hata uko wapi. Simu yako imefungwa. Wiki mbili hakuna barua. Nimemutuma Rénovat ku kliniki, bamemwambia hufanyi kazi pale tena.

Prince amerudi na mufuko wake. Anakaa nyuma ya nyumba. Nikimuuliza anasema, "Muulize Yvette."

Jumapili dada wa mama Eugénie alikuja kutoka Kakoba. Hakuingia kwetu. Alisimama mbele ya kanisa, batu bakitoka, akasema Eugénie yuko hospitalini, miguu yote miwili imekufa, hawezi hata kugeuka kitandani. Akasema, "Binti wa Appolinaire amemuvunja mugongo." Mama yako alikuwa na kitabu cha nyimbo mukononi. Alikifunga na kuja nyumbani peke yake. Tangu siku ile hajaenda kuimba, na ku duka la Misiera bananinyamazia nikiingia.

Nilikwambia usibonyeze. Nilikwambia mupashe joto tu. Kama hukumubonyeza, kwa nini hatembei?

Nataka unijibu mimi, si Prince. Ulimufanya nini ule mama?

Appolinaire

*

Mbarara
6 Aprili 2025

Baba,

Msalimie mama. Mwambie niko hai, na simu niliiuza ili tule.

Unauliza nilimfanya nini. Nitakuandikia yote, na ukiyasoma, mara hii msomee na mama.

Alhamisi ile nilimuuliza mama Eugénie kama umempigia. Akasema ulimpigia, ukamuuliza habari za safari na kumwambia avumilie.

Kisha nikamwambia, "Mama, leo sikugusi. Tunaenda hospitali, mimi na wewe, sasa hivi."

"Na vipindi vyangu? Nimevilipia."

"Utarudishiwa."

"Baba yako alisema..."

"Baba hajauona mgongo wako. Mimi nimeuona. Nikikugusa tena naweza kukuua miguu, na hapa watanilipa kwa kazi hiyo."

Alilia. Musoni akasikia, akaingia. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Aliniambia nivue koti la kliniki na nitoke. Mama Eugénie akaomba pesa ya vipindi vilivyobaki, maana hakuwa na ya picha. Musoni akasema pesa iliyoingia haitoki, akaenda zake ofisini.

Ndipo Prince akafungua droo. Sikumtuma. Alihesabu mbele yetu sote, akaandika kwenye kitabu cha mapokezi "amerudishiwa mgonjwa", akatia sahihi yake, akamkabidhi mama pesa yake. Tulikuwa hatujafika barabarani polisi wawili wakatusimamisha. Musoni alikuwa amewapigia kwamba mhudumu wake ameiba.

Askari mkubwa akauliza, "Hii pesa iko ya nani?"

Prince akasema, "Ya huyu mama, afande."

"Nyinyi watu ya kambi munasumbua. Mama, iko yako kweli?"

Mama Eugénie alikuwa ameegemea ukuta, na magoti yake yakaanza kukunjika polepole, nikamdaka nikiwa sijajua kama namwokoa au namwumiza. Askari akamtazama pale chini. Akamwambia mwenzake alete gari lao. Tulimlaza ubavu kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, mimi nimeshika mgongo wake kwa mikono miwili usicheze, na kila shimo la barabara nililisikia mwilini mwangu. Prince walimbakiza kituoni mpaka jioni, wakamwachia. Hawakumpiga.

Picha, iliyolipiwa kwa pesa ile ile, ilionyesha mifupa miwili ya uti wa mgongo imeliwa. Ni kifua kikuu, kile kile cha mapafu, lakini kimeingia kwenye mfupa. Dawa zipo na hazilipiwi, atazimeza miezi mingi. Siku ya pili miguu yote ililala. Daktari anasema huenda ikaamka, huenda isiamke. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungemleta siku ile aliyofika akitembea. Akaangalia dirishani.

Nilikuandikia kwamba simbonyezi, na kweli sikumbonyeza. Lakini nilimchelewesha. Wewe na mimi tulimchelewesha.

Musoni ameandikia baraza kwamba nilimvunja mgonjwa na nikachochea wizi. Nimeitwa Kampala tarehe 13 Mei. Wakiamua vibaya, sitaifanya kazi hii tena Uganda, na kwetu siwezi kurudi kuifanya. Kwa sasa naenda wodini kila asubuhi kumgeuza na kumnyosha miguu ili isikakamae. Hakuna anayenilipa. Mchana nafua nguo za watu.

Sikukuomba hela, baba. Nilikuomba sentensi moja.

Yvette

*

Wodini, Mbarara
13 Mei 2025

Binti yangu Yvette,

Nakuandikia nikikaa ku benchi ya hospitali. Muuguzi ataiweka barua hii, uipate ukitoka Kampala. Mama yako yuko hapa na mimi, muzima. Tumefika jana, wewe umeondoka jana hiyo hiyo. Prince alibaki kuangalia maharagwe.

Barua yako ya Aprili nilimusomea mama yako. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Sasa utaenda kusema wapi?" Nilikaa nayo mwezi muzima, nikilima, nikirudi. Alikuwa ananipa chakula bila kusema neno. Ni kitu kigumu, mwanamuke akunyamazie na chakula kiwe kizuri.

Juzi Jumapili nilisimama kanisani. Niliwaambia kwamba binti yangu aliniandikia mapema mama Eugénie apelekwe hospitali, na mimi nikakataa juu ya heshima yangu na juu ya kazi ya Prince. Nilisema kwamba mutu aliyemudanganya mama Eugénie ni mimi. Hakuna aliyesema amina. Mzee mumoja aliniambia nikae chini, nimesikika. Dada wa Eugénie hakuwa pale, basi tukapanda gari tuje tumwambie na yeye, na Eugénie mwenyewe.

Dada yake alinisikiliza, akatema mate chini na kutoka. Eugénie alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani. Jana yote hakunisemesha. Na mimi sikuondoka, juu ningeenda wapi? Mama yako amemulisha. Nilimuuliza muuguzi ni nani anamugeuza usiku. Akasema, "Binti yenu, akiweza. Asipoweza, anangoja." Basi jana usiku tulimugeuza sisi, kama vile muuguzi alituonyesha, na yeye akiwa amefunga macho.

Leo asubuhi mama yako alikuwa anamuosha miguu, mimi nimeshika beseni, nimeangalia pembeni. Eugénie akasema, "Mariette, maji yako ni baridi."

Mama yako aliomba samahani na kuendelea kuosha. Halafu mukono wake ukasimama. Akaniangalia. Eugénie naye akainua kichwa kidogo akaangalia miguu yake ndani ya maji.

Muuguzi amemwita daktari. Nimetoka nje ili nikuandikie, juu sijui utarudi na habari gani, na nilitaka ukute na hii.

Ukirudi tutakuwa hapa. Kama hutaki kuniona, mwambie mama yako, nitangoja nje.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo,
Appolinaire

*

Mbarara
18 Agosti 2025

Baba yangu,

Nakusalimu, na mama, na Prince. Nafurahi kwamba Prince amepata kazi pale Rwekubo kwenye duka la simu. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo kwa kutembea.

Siku zile ulizokuwa hapa sikukueleza vizuri mambo ya Kampala, kwa sababu nilikuwa bado na hasira na nilikuwa nimechoka. Majibu kamili yamekuja wiki iliyopita. Siku ile waliniweka mbele ya watu watano. Mama mmoja mwenye miwani aliniuliza, "Ulishuku tangu siku ya kwanza?" Nikasema ndiyo. "Basi kwa nini ulimpokea tena na tena wiki mbili?" Nikasema niliogopa kukosa kazi. Akaandika. Nilitaka kusema kwamba baba yangu alinizuia. Neno lilifika mdomoni nikaliacha. Si kwa kukulinda, baba. Mikono iliyompokea ilikuwa yangu.

Wamenipa onyo, litakaa kwenye faili langu. Lakini leseni wamenipa, chini ya mama Sonia, mkuu wa tiba ya viungo hapa hospitalini, aliyekubali kunisimamia. Mashtaka ya Musoni hawakuyakubali. Walisema watatuma watu kukagua kliniki yake. Sijui kama wamekwenda. Nilipita pale juzi, mlango uko wazi, na kuna msichana mpya aliyetoka chuo juzi juzi, amevaa koti lile lile. Nilimngoja nje mpaka alipotoka kununua chapati, nikamweleza. Alinisikiliza huku akitazama nyuma.

Kazi yangu sasa ni hii. Asubuhi hospitalini, bila mshahara, mpaka nafasi itakapofunguliwa, na haijulikani lini. Mchana nawafuata wagonjwa majumbani: mzee aliyepooza upande mmoja, mama aliyevunjika nyonga, mtoto wa mwalimu. Wanalipa wakiwa nazo. Mzee wa kupooza ananipa ndizi. Ni kidogo kuliko kwa Musoni, na bati usilitegemee mwaka huu. Lakini nikiona kitu kisicho cha mikono yangu, nasema siku ile ile, na simwombi mtu ruhusa.

Katika barua yako unaniuliza kama nimesahau. Sijasahau. Nakumbuka ile simu uliyompigia ukamwambia avumilie. Nakumbuka pia mlilala kwenye saruji kwa wiki tatu, mkimgeuza. Yote mawili ninayo. Tusilazimishe.

Mama Eugénie ameruhusiwa. Dawa ataendelea kuzimeza huko Nakivale. Anatembea kwa kishikizo cha chuma cha miguu minne, hatua chache kisha anapumzika, na mguu wa kushoto bado unaburuta. Huenda utabaki hivyo. Anasema unga wa mihogo atauuza akikaa kwenye kiti, wateja watamfuata.

Tutakuja na Rénovat Jumapili hii. Nilitaka gari limfikishe mpaka nyumbani kwake, amekataa. Anataka ashuke kanisani, ibada ikiwa inaendelea, aingie kwa miguu yake na kukaa na kwaya. Nimembishia nimeshindwa. Anasema wewe uwe pale pale mbele, fasi yako ya siku zote, usijifiche nyuma kwa sababu yake.

Kwa hiyo, baba, Jumamosi nenda ukapime mlango wa kanisa. Kishikizo chake ni kipana. Kama hakipiti, toa ule ubao wa pembeni kabla hatujafika.

Binti yako,
Yvette